Ngazi Moja na Milango Isiyojifunga

Usiku wa kuamkia Juni 14, 2017, kumi la pili la Ramadhani likielekea ukingoni, Waislamu wengi wa magharibi ya London walikuwa macho wakisubiri daku. Muda mfupi kabla ya saa saba, jokofu liliwaka moto katika nyumba moja ya ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, lenye ghorofa 24. Waliokuwa macho walipohisi moshi walitoka wakigonga milango ya jirani zao, Waislamu na wasio Waislamu. Wako waliookoka kwa kugongewa huko. Hata hivyo watu 72 walifariki dunia.

Moto wa jokofu moja ulipaswa kuishia jikoni. Lakini jengo lilikuwa limevishwa kwa nje mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, nayo yakaupandisha moto hadi juu. Wakazi walikuwa wameelekezwa kubaki ndani moto ukizuka kwa mwingine. Agizo hilo halikutenguliwa hadi saa nane na dakika 47, na ngazi ilikuwa moja tu. Moshi ulipita katika milango iliyotakiwa ijifunge yenyewe, na mingine haikujifunga.

Tume ya uchunguzi ya Sir Martin Moore-Bick ilihitimisha Septemba 2024 kwamba vifo vyote vingeweza kuepukwa. Linalotuuma zaidi ni hili: kati ya wakazi 37 wenye ulemavu, 15 walifariki, wala hapakuwa na mpango wa kuwatoa.

Baada ya kuyasoma hayo, sisi wa kamati tulilikagua jengo la madrasa yetu. Mlango wa ngazi ya nyuma ulikuwa na kufuli, kwa hofu ya wezi, na ufunguo ulikuwa katika droo ya katibu, ambaye ndiye aandikaye haya. Sasa lipo komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Tunaziomba familia za ghorofani zishuke ngazi pamoja na watoto wiki hii, si kwa lifti, na ziondoe tofali linalouzuia mlango wa ngazi usijifunge. Bibi mmoja wa ghorofa ya sita, asiyeweza kutembea, alituuliza ni nani atakayemfuata. Vijana wawili wamejitolea. Tunamtafuta wa tatu, kwa kuwa mmoja wao hufanya kazi za usiku.