Papa Potwe Haendi Mbali Kama Tulivyodhani



Wapo wengi katika sisi ambao, karafuu zikisha kuchumwa na kuanikwa, hushika nyavu wakaenda dago, na baadhi yao hufika mpaka Mafia. Hao wanamjua papa potwe kuliko sisi tulioko ofisini. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni na kinywa kipana, lakini hana ubaya na mtu. Huko Mafia chakula chake hasa ni uduvi. Mwanachama mmoja alitwambia kwamba potwe ni mgeni tu: huja karibu na kaskazi, na kusi ikivuma hurudi kwao. Nasi tulidhani hivyo hivyo, na wataalamu pia walidhani hivyo. Kumbe sote tulikosea.

Wataalamu walianza kwa kupiga picha. Madoa ya potwe ni kama alama za vidole vya binadamu, ya huyu si ya yule. Hupigwa picha ubavuni, nyuma ya matamvua, kisha kompyuta hulinganisha picha mpya na za zamani. Jambo la kupendeza ni kwamba hesabu inayotumika ilitungwa kwanza kwa ajili ya kutambua mpangilio wa nyota mbinguni, na mwaka 2005 ikatangazwa kuwa yafaa kwa samaki huyu. Lakini picha haimpati ila samaki aliye juu ya maji.

Ipo njia nyingine, ya kumfunga samaki chombo kinachopeleka habari kwenye setilaiti. Nayo ina dosari yake, kwa sababu mawimbi ya redio hayapiti katika maji ya bahari. Potwe akizama, chombo hunyamaza mpaka aibuke tena.

Basi Mafia walitumia sauti. Potwe huchomekwa chombo kidogo karibu na pezi la mgongo, nacho hutoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii. Chini ya bahari huwekwa vyombo vingine vya kusikiliza, na kila potwe apitapo karibu, chombo huandika ni potwe yupi, na ni siku na saa gani. Sauti, tofauti na redio, husafiri vizuri majini. Kazi hiyo ilifanywa kwa miaka 2, huku watu wakiendelea kuwatafuta potwe kwa macho, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015.

Waliotazama kwa macho waliwaona potwe tangu Oktoba, na baada ya Februari wakapungua hata wasionekane. Ama vyombo vya chini viliendelea kuwasikia mwaka mzima! Potwe hawakuhama. Walikuwa wamesogea mbali kidogo na pwani na kuogelea chini zaidi, na yaonekana walifuata chakula. Ni kama mgeni ajaye Pemba wakati wa mavuno tu, kisha majamvi yakikunjwa aende kusema kwao kwamba wenye mikarafuu wote wamehama.

Hatusemi kwamba potwe hawezi kusafiri. Jike mmoja aliyefungwa chombo huko Panama mwaka 2011 alifuatwa zaidi ya kilomita 20,000, akavuka Bahari ya Pasifiki hadi upande wa magharibi. Na safari zina hatari zake. Mwaka 2022 wataalamu walilinganisha nyendo za potwe karibu 350 duniani na njia za meli kubwa, wakaona kwamba vyombo vilikatika habari mara nyingi zaidi penye meli nyingi. Potwe akigongwa akafa huzama, wala hapana anayeona mzoga.

Kwa wavuvi wetu jambo lenyewe ni hili. Mtu akidhani kwamba potwe hutoka mbali kila mwaka, huweza kusema akifa mmoja watakuja wengine. Sivyo. Potwe wa Mafia wengi ni madume ambayo bado hayajakomaa, na ni wale wale wanaorudi kuonekana. Wavuvi huzungusha nyavu penye potwe kwa kuwa hapo pana samaki wadogo, na hutokea potwe akaingia ndani. Tena anaweza kuwapo mwezi wa Juni kama alivyokuwapo Disemba, ingawa hamkumwona.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama waendao dago: potwe akizungukwa, shusheni kamba ya maboya upande mmoja atoke, kabla hajajisokota akaharibu wavu, maana hasara hiyo ni yenu pia. Mkiona chombo mgongoni mwake msiking'oe. Vile vya setilaiti huweza kuchomoka vikaelea hadi pwani, na mara nyingi huwa vimeandikwa anwani. Atakayeokota kimoja asikivunje, akilete ofisini nasi tutakipeleka.