Mbwa wa Kazi na Nyama Iliyomo Mfukoni

Askari aliyekabidhiwa mbwa hukagua silaha yake kila siku, lakini ni nadra kukagua mfuko wa chakula cha mwenziwe huyo. Hali mbwa anayeumwa tumbo hawezi kutegemewa kufuata nyayo za mwizi wala kunusa baruti iliyofichwa.

Nyama ya chakula kikavu huingia kiwandani kwa njia mbili. Ya kwanza ni nyama mbichi, ambayo sehemu zipatazo saba kwa kumi ni maji. Ya pili ni unga wa nyama, yaani masalio ya machinjioni yaliyopikwa kwa moto mkali, yakakamuliwa mafuta, yakakaushwa na kusagwa. Viungo huorodheshwa kwa uzito wake kabla ya kupikwa. Basi "kuku" akitangulia katika orodha, uzito wake mwingi ni maji yatakayopotea motoni.

Unga wa nyama si kitu kibaya kwa asili yake. Linalopasa kuulizwa ni: nyama ya mnyama gani? "Unga wa kuku" humtaja mnyama. "Unga wa nyama na mifupa" haumtaji. Mwaka 1998 na 2000, wachunguzi wa serikali ya Marekani walipima vyakula vikavu vya mbwa, wakakuta katika baadhi yake pentobarbitali, dawa ya kuulia wanyama wagonjwa, ambayo moto wa kiwandani hauimalizi. Taarifa yao ya mwaka 2002 ilieleza kuwa kiasi hicho kilikuwa kidogo, na haielekei kingedhuru mbwa. Hata hivyo, ilidhihirika kwamba mizoga isiyostahili iliweza kupenya hadi kwenye bakuli.

Hatari haimkabili mbwa peke yake. Mwaka 2012, watu 49 wa Marekani na Kanada waliugua kwa vijidudu vya salmonela vilivyohusishwa na chakula kikavu cha mbwa. Moto huua vijidudu, lakini chakula huweza kuchafuka tena baada ya kupikwa.

Kwa hiyo, askari mwangalifu husoma maandishi ya mfuko na tarehe ya mwisho wa matumizi. Huhifadhi chakula mahali pakavu, hukitupa kikiota ukungu, na hunawa mikono kwa sabuni kila amalizapo kulisha. Mbwa akitapika au akikataa chakula, humpeleka kwa daktari wa mifugo pamoja na mfuko wenyewe, kwani mfuko huo ndio ushahidi.