Boksi la Viatu la Shangazi

Paukwa! Pakawa!

Kaeni vizuri, na huyo mwenye karanga atafune polepole, maana leo hatuna sungura wala fisi. Leo ni shangazi yenu na mtihani wake wa Kiingereza.

Shangazi alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, ila chuo kikamwambia: tuletee kwanza matokeo ya IELTS. Huo ni mtihani ulioanza mwaka 1989, na alama zake haziendi hadi mia, zinaishia 9. Kuna kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Shangazi akajiuliza anapungukiwa na nini, akajijibu mwenyewe: maneno. Sarufi alikuwa nayo. Alichapiwa shuleni mpaka ikakaa.

Basi akafungua kamusi nene ukurasa wa kwanza, akaanza kumeza. Kwenye maneno ya mwanzo kabisa akakuta: aardvark. Mnamjua huyo? Ni muhanga, yule mnyama wa usiku mwenye masikio marefu kama ya punda, anayefukua vichuguu ale mchwa. Shangazi alimkariri muhanga akifagia, akamkariri akisonga ugali. Wiki tatu zikapita, yeye bado yumo kwenye A.

Siku moja mwalimu wake akajifanya mtahini. Akampa kadi: eleza safari uliyoifurahia. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye mtihani wenyewe. Unapewa mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha unasema peke yako hadi dakika mbili. Shangazi akaanza vizuri. Akapanda basi, akafika Lushoto, akaiona milima na ukungu wake. Halafu akasema: "I beat many pictures."

Mwalimu akainama chini ya meza kana kwamba ameangusha kalamu. Kalamu alikuwa nayo mkononi.

Mmeng'amua? Alitaka kusema alipiga picha nyingi. Sisi tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, na hakuna anayeumia. Mwingereza picha anaichukua: take. Kosa analitengeneza: make. Kazi ya nyumbani anaifanya: do. Chai ya rangi iliyokolea kwake ina nguvu, strong, lakini mvua kubwa ni nzito, heavy. Ukimwambia strong rain atakuelewa, ila atajua hukuzaliwa naye mtaa mmoja. Wala msiniulize kwa nini. Nani amewahi kuwaeleza kwa nini mswaki unapigwa?

Mwalimu akamwambia aifunge kamusi. Alikuwa na orodha iliyotoka New Zealand. Bibi mmoja msomi, Averil Coxhead, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5, akatafuta yanayojirudia katika masomo mbalimbali, na mwaka 2000 akatoa familia 570. Nasema familia kwa sababu maneno huzaana. Kwetu soma amezaa somo, msomi, somesha na someka. Kwao analyse amezaa analysis, analyst na analytical. Ukimjua mzazi, watoto hawakupi taabu sana.

Shangazi akachukua boksi la viatu, akaligawa vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Akakata manila, kadi ndogo kama karata. Nimeishika moja hapa, tazameni. Mbele: evidence. Nyuma ameandika "ushahidi", halafu onyo kwa kalamu nyekundu: halina wingi, usiweke s. Chini yake sentensi aliyoitunga mwenyewe: "There is no evidence that my brother ate the mango." Lile embe nililila mimi, lakini ni kweli, ushahidi haukuwepo.

Kadi mpya huanzia chumba cha kwanza, na hicho hufunguliwa kila siku. Ukiikumbuka inahamia cha pili, kinachofunguliwa baada ya siku kadhaa, na kila chumba cha mbele husubiri zaidi. Ukiisahau, hata kama ilishafika cha tano, inarudi cha kwanza bila kubembelezwa. Mchezo huu aliuandika Sebastian Leitner mwaka 1972. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alikuwa amejifanyia majaribio mwenyewe zamani zaidi. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, akapima zinavyompotea. Mwaka 1885 alitangaza alichokiona: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kurudia kwa kupisha siku kunashinda kujishindilia siku moja. Wanaokesha usiku wa kuamkia mtihani, mnanisikia?

Kadi moja ilimtesa shangazi mwezi mzima: accommodation, malazi. C mbili, m mbili. Yeye m alikuwa anaweka moja, na katika mtihani wa kusikiliza jibu lenye herufi pungufu halina alama, hata kama umesikia sawasawa. Tena unasikilizishwa mara moja tu.

Na wale wanaopenda maneno mazito ya kutisha watu, pole zao. Kwenye kuandika na kuzungumza, msamiati ni robo ya alama, na mtahini anaangalia pia kama neno limekaa mahali pake. Neno kubwa mahali pasipo pake linakugharimu.

Shangazi alipata 7. Katika sehemu zote nne hakuna aliyemuuliza habari za muhanga.

Boksi lake hili hapa, na accommodation bado imo chumba cha kwanza. Kesho kila mmoja aje na kadi tano, kila moja na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Za kunakili kwa jirani sizipokei.