Majina ya Viungo vya Kompyuta ya Gemu na Taabu Zake

Kila kazi ina maneno yake. Mvuvi ana yake, seremala ana yake, na mwashi ana yake. Wala mwanafunzi wa kazi yo yote haitwi fundi kabla hajayajua majina ya zana na viungo anavyovishika. Katika makala haya nimekusudia kueleza kazi moja ambayo vijana wetu wengi wameipenda, yaani kujiundia kompyuta ya kuchezea gemu, kiungo kwa kiungo, badala ya kuinunua imekwisha kuundwa. Nitaeleza viungo vyenyewe na kazi zake, kisha nitaeleza taabu zinazotokea; na po pote panapohusika nitaonyesha jinsi neno lisilo wazi linavyoweza kumtia mtu hasarani. Jambo hili si la mzaha. Kijana hujinyima kwa miezi mingi apate fedha za kadi moja, na kiungo kilichoagizwa kutoka ng'ambo kwa kosa la jina ni vigumu kukirudisha.

Tuanze na neno lililoleta fujo kuliko yote, nalo ni sipiyu. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huliita hivyo lile sanduku zima linalosimama kando ya kioo. Kwa asili herufi hizo tatu za Kiingereza ni jina la kiungo kimoja tu kilichomo ndani ya sanduku, nacho ni prosesa, kibapa chenye upana wa kiasi cha sentimita 4, ambacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Kupanuka kwa maana namna hii si ajabu katika lugha. Sisi wenyewe twaliita jiko lile pahali pa moto, na tena twakiita jiko chumba kizima cha kupikia. Walakini mpishi hanunui chumba akitaka mafiga. Tuseme kijana wa Morogoro ampigia simu mwenye duka wa Kariakoo amletee sipiyu mpya, kwa kuwa ya kwake haiwaki. Mwenye duka, ambaye kwake sipiyu ni prosesa, ampelekea prosesa. Kumbe kilichokufa ni kile kiungo cha kugawa umeme, ambacho huenda bei yake ni ndogo kuliko hiyo mara kadha wa kadha. Hapo hakuna aliyesema uongo, lakini fedha zimepotea. Kwa hiyo katika makala haya nitasema sanduku nikitaka sanduku, na prosesa nikitaka prosesa.

Kiungo kinachobeba vingine vyote huitwa ubao mama, au madabodi kama wasemavyo mafundi. Vipimo vinavyofuatwa zaidi ni vile viitwavyo ATX, vilivyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Ubao kamili wa namna hiyo una milimita 305 kwa 244. Ubao haulazwi juu ya bati la sanduku, bali huinuliwa kwa vijiguu vidogo, kila kiguu chini ya tundu lake la skrubu. Kiguu kikiachwa mahali pasipo tundu, chuma hugusa njia za umeme zilizo mgongoni mwa ubao, na mashine huweza kukataa kuwaka au kuungua.

Prosesa hukaa katika soketi. Lazima soketi ya ubao iwe ile ile ya prosesa. Haitoshi viwe vya kampuni moja. Soketi ya AMD iitwayo AM5, iliyotoka mwaka 2022, ina vigusio 1718, na ile iliyoitangulia, AM4, ina matundu 1331. Katika AM4 pini zilikuwa kwenye prosesa, na katika AM5 pini zimo ubaoni. Basi mwenye kuunda na atazame kwanza pini ziko wapi, kwani pini iliyopindwa kwa kidole kimoja huweza kuufisha ubao mzima.

Sasa tufike kwenye neno kumbukumbu. Neno hili limependwa na watunga istilahi, nalo ni zuri, lakini limebebeshwa vitu viwili. Kwanza, ni ramu, yaani vibao vyembamba vinavyoshika mambo ambayo prosesa inayatumia wakati huo huo, na ambavyo husahau yote mara umeme ukatikapo. Pili, ni ile diski ambamo gemu na barua zetu huhifadhiwa hata mashine ikiwa imezimwa. Mtu akiambiwa kuwa kompyuta ina kumbukumbu ya gigabaiti 512, kwa kawaida ni diski inayotajwa, wala si ramu. Naye akidhani ni ramu atastaajabu kuona gemu lake lakwamakwama. Mimi naona ingefaa kuiita ramu kumbukumbu, na diski ghala. Akili hukumbuka, ghala huweka. Kadhalika mnunuzi na aangalie kizazi cha ramu. DDR4 na DDR5 zote mbili zina vigusio 288, nazo kwa macho hufanana kama mapacha, lakini pengo la katikati halikukatwa mahali pamoja, na umeme wake ni tofauti: volti 1.2 kwa DDR4, volti 1.1 kwa DDR5. Moja haiingii mahali pa nyingine, na mwenye kulazimisha atavunja.

Kadi ya picha ndiyo roho ya kompyuta ya gemu, maana ndiyo inayochora kila kinachoonekana kiooni. Na mara nyingi ndiyo ghali kuliko vyote. Tundu la ubaoni huipa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji zaidi, kwa hiyo huletewa waya moja kwa moja kutoka pawa saplai, na waya wenye pini 8 hukadiriwa kupitisha wati 150. Kadi ya NVIDIA iitwayo RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022, hutumia hadi wati 450. Katika mwaka huo huo baadhi ya wenye kadi hizo waliona vichwa vya nyaya vikiyeyuka, na kampuni ilieleza kuwa sababu iliyoonekana mara nyingi ni kichwa cha waya kutosukumwa mpaka mwisho. Kuchomeka si kugusisha. Ni kuingiza mpaka kusibaki nafasi.

Pawa saplai ndiyo inayopokea umeme wa ukutani, wa volti 230 au 240 katika nchi zetu, na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Huyu ni mtumishi asiyeonekana, na kwa sababu hiyo wengi hubania fedha hapo. Ni kosa kubwa. Saplai dhaifu huweza kuwasha mashine vizuri, kisha ikashindwa pale kadi inapoanza kazi nzito. Na ikiharibika vibaya yaweza kuviua viungo vingine pamoja nayo. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, stebilaiza au yupiesi si anasa.

Hiyo ndiyo mashine. Sasa tutazame taabu zake. Malalamiko yanayosikika zaidi ni haya: "Kompyuta haiwaki." Sentensi hii fupi yaweza kuwa na maana nne zisizohusiana. Ya kwanza, hakuna kinachozunguka wala taa yo yote: hapo huchunguzwa saplai, waya wa ukutani na kitufe. Ya pili, feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi: hapo hutazamwa ramu, kadi ya picha na prosesa, na pia kama waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi, si kwenye ubao. Ya tatu, maandishi ya kwanza yanaonekana lakini Windows haiji: hapo mshukiwa wa kwanza ni ghala. Ya nne, inawaka kisha inarudi mwanzo, tena na tena. Tena iko hali ambayo si ugonjwa kabisa: kompyuta mpya yenye soketi ya AM5 na ramu ya DDR5 yaweza kukaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa ikiwashwa mara ya kwanza, kwa kuwa inaipima ramu yake. Asiyejua huizima katikati na kuitangaza kuwa imekufa.

Hapa lugha yetu ina utajiri ambao hatujautumia. Kitenzi zima kina viambishi vyake. Kompyuta imezimwa, ikiwa mtu ameizima. Imezimika, ikiwa umeme umeikimbia bila mkono wa mtu. Imejizima, ikiwa yenyewe imeamua, kama ifanyavyo prosesa ikiona joto limepita kipimo chake. Na imeganda, ikiwa taa na feni zaendelea lakini picha haisogei. Mteja akisema "imezimika", fundi na ashike saplai kwanza. Akisema "inajizima baada ya nusu saa ya kucheza", na atazame vumbi, feni, na pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na kipozeo. Sisemi kwamba kila msemaji huitenga mitatu hiyo hivyo. Nasema kwamba sarufi imekwisha kutuwekea vyombo, na fundi akiwazoeza wateja wake kuvitumia, atapata nusu ya jibu kabla hajashika bisibisi.

Ubao wenyewe pia husema. Mbao nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na taa inayobaki inawaka huonyesha mahali kazi iliposimama. Lakini mtu aliyezoea kuwa sipiyu ni sanduku zima, taa hiyo ya kwanza itamwambia nini? Itamwambia kuwa sanduku lote ni bovu. Basi ule upotofu mdogo wa jina humziba masikio mtu hata pale mashine inapomwita.

Walakini tusiyaamini mno hata maneno ya mashine. Baadhi ya watu waliokuwa na prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 waliona gemu zao zikianguka, na kiooni likatokea tangazo kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Mtu akilisoma tangazo hilo ataishuku kadi. Na kumbe kadi haikuwa na hatia. Mwaka 2024 Intel ilieleza kuwa prosesa zilikuwa zikipewa volti zilizozidi kiasi, zikadhoofika; ikatoa marekebisho ya programu ya ndani, na ikaongeza miaka miwili katika dhamana. Marekebisho hayo huzuia madhara, lakini prosesa iliyokwisha kudhurika hairudishwi na programu.

Ndiyo sababu fundi mwenye busara hahukumu kwa jina pekee. Huondoa viungo vyote visivyo vya lazima, akabakiza ubao, prosesa, kibao kimoja cha ramu na saplai. Kisha hurudisha kimoja kimoja, akiwasha kila mara. Hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwani akibadilisha mawili na mashine ikapona, hatajua ni lipi lililoponya.

Kuhusu istilahi, tumeshindana kwa miaka mingi kama tuseme kompyuta au tarakilishi, na mashindano hayo yana faida yake. Lakini jina la mashine nzima halijampotezea mtu ye yote fedha. Yanayopoteza ni majina ya viungo na ya maradhi. Naona ingefaa wanafunzi wetu waende karakana za mafundi wakiwa na daftari, wayaandike maneno yanayotumika huko, madabodi, pesti, kuganda, kujizima, na wapime lipi linatenga vitu viwili na lipi linavichanganya. Lile linalotenga tulipokee, hata kama lilizaliwa barabarani. Na lile linalochanganya tulirekebishe, hata kama limo kamusini.