Makosa ya Kupanga Sebule
Kosa la kwanza katika kupanga sebule hufanyika dukani: kununua bila kupima. Seti ya makochi inayoonekana ya wastani katika ukumbi mpana wa duka hujaza chumba cha mita 3 kwa 4 hadi watu wakapita kwa ubavu. Vipimo vya chumba, vya mlango na vya kona ya ngazi vichukuliwe kwanza. Kisha umbo la kochi lichorwe sakafuni kwa chaki, na njia ya kupita yenye upana wa sentimita 75 hadi 90 iachwe wazi.

Rangi nayo hudanganya. Ikikauka hubadilika, na hubadilika tena kati ya mwanga wa jua na wa taa; ni busara kuijaribu kwenye kipande cha ukuta kwa siku mbili tatu. Na kuhusu mwanga wenyewe, taa moja ya dari haitoshi.

Katika miji ya joto kama Mombasa na Dar es Salaam, kosa lililo baya zaidi ni kuziba dirisha kwa kabati au pazia zito. Chumba hukosa upepo, na feni hubaki kuzungusha hewa ileile ya moto.