Somo la Leo: Daftari Moja, Waandishi Wawili

Leo tunasema juu ya daftari lililomo ndani ya kompyuta, ambalo watu kadhaa hulifungua kwa njia ya mtandao, kila mmoja akiwa mezani pake.

Tuseme chama chenu cha akiba kina daftari la namna hiyo, na salio ni shilingi 400,000. Katibu analifungua. Mweka hazina naye analifungua katika chumba cha pili. Katibu anaongeza shilingi 20,000 za mwanachama mmoja, anahifadhi. Mweka hazina, ambaye bado anaona 400,000, anaongeza 50,000, naye anahifadhi. Je, daftari litasema nini? Jibuni kabla sijaendelea.

Litasema 450,000. Aliyehifadhi mwisho amefunika kazi ya mwenzake. Fedha zimo sandukuni, lakini malipo ya yule mwanachama hayamo daftarini, na siku ya mgao atagombana na watu wasiomwibia.

Wengi hudhani dawa yake ni ruhusa. Sivyo. Ruhusa husema nani asome na nani aandike. Katika mfumo wa Unix, ulioanza kubuniwa Marekani mwaka 1969, na katika Linux ya mwaka 1991, kusoma ni 4, kuandika ni 2. Mwenye faili akipewa 6, anasoma na kuandika. Kikundi chake kikipewa 4, kinasoma tu. Watu wengine wakipewa 0, hawasomi wala hawaandiki. Ndiyo 640 ya mafundi. Hesabu nyepesi kuliko kugawanya! Lakini katibu na mweka hazina wote huandika, kwa hiyo kikundi chao kitapewa 6, nayo 660 haiwazuii kugongana.

Kinachowazuia ni kufuli. Programu kama LibreOffice, ikifungua faili, huweka katika folda ile ile kifaili kilichofichwa, chenye jina la aliyefungua. Wa pili huambiwa kwamba faili inatumika. Aweza kusoma tu, au kufungua nakala. Afadhali angoje. Akiandika katika nakala na kuirudisha juu ya ile ya kwanza, mtarudi kwenye 450,000.

Umeme ukikatika ghafula, kifaili hicho huweza kubaki, kama mtu aliyeondoka na ufunguo wa ghala mfukoni. Msikifute upesi. Mwulizeni kwanza yule mwenye jina. Huenda bado anaandika. Akisema amekwisha kufunga, ndipo kifutwe.

Zoezi: faili ina 664. Watu wengine wanaruhusiwa kufanya nini?