Mji gani wa Marekani? Ubishi wa Kadutu

Jumapili moja jioni, uani kwa mjomba huko Kadutu, hapa Bukavu, ulizuka ubishi kuhusu mji wa Marekani unaofaa kuishi. Tulikuwa watu sita, na katika sita hao hakuna aliyewahi kukanyaga Marekani. Hilo halikumfunga mtu mdomo. Mjomba alishika Louisville, kwa sababu binti yake yuko huko. Jirani alishika Portland, ile ya jimbo la Maine, kwa sababu mdogo wake alifika huko mwaka 2019 baada ya kuvuka misitu ya Panama kwa miguu. Kijana mmoja aliyekalia bidoni ya njano akataja New York, tukamcheka.

"Nani wako yuko New York?" mjomba akamwuliza.

Hakuwa na mtu. Hoja yake ikafia hapo.

Majarida ya watalii hupanga miji ya Marekani kwa majumba ya makumbusho, mikahawa na mandhari. Bukavu tunaipanga kwa kodi ya nyumba, kazi ya usiku na baridi ya Januari. Kukiwa na kanisa linaloimba Kiswahili na duka linalouza sombe iliyogandishwa, mji unaongezewa alama. Kwa kipimo hicho New York haina bahati. Kodi ya kawaida ya nyumba Manhattan ilipita dola 4,000 kwa mwezi tangu mwaka 2022, na hapa mtu mwenye dola 4,000 anaanza kutafuta kiwanja. Tuseme haki lakini: kijana wa bidoni alikuwa na jambo moja. New York ina vituo vya treni ya chini ya ardhi 472, na treni zinatembea usiku kucha. Mtu wa Kadutu aliyezoea kushuka kwa miguu hadi Nyawera ataishi huko bila gari. Akipelekwa Houston bila gari, amefungwa.

Nimesema "akipelekwa", na hapo ndipo wengi wanaojadili mambo haya wanapokosea. Ndugu zetu wengi walioko Marekani hawakuchagua mji. Walitoka Fizi, Uvira, Kalehe au Walungu, wakakaa miaka kumi, wengine ishirini, kambini Nyarugusu kule Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, au Nakivale nchini Uganda. Mashirika ya kupokea wakimbizi huko Marekani yalikuwa yakigawana mafaili. Mwenye ndugu aliyetangulia alipelekwa karibu naye; asiye na ndugu alisomewa jina la mji ambao hajapata kuusikia. Tikiti ya ndege nayo ilikuwa mkopo, na marejesho yalianza miezi michache tu baada ya kufika. Mwaka wa fedha wa 2016 pekee Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Congo, wengi kuliko wa taifa lingine lolote. Ndiyo maana ukoo mmoja wa Fizi unaweza kuwa na watu Boise, Dayton, Des Moines na Grand Rapids, na bibi aliyebaki huku akayataja majina hayo kama anayetaja vijiji vya ng'ambo ya Ruzizi.

Turudi Louisville. Mjomba ana sababu ya pili, na ndiyo anayoipenda zaidi: ni mji alikozaliwa Muhammad Ali, tarehe 17 Januari 1942. Mjomba anadai kwamba usiku ule wa tarehe 30 Oktoba 1974, Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa, yeye alikuwa macho kando ya redio ya baba yake. Pambano lilianza karibu saa kumi alfajiri ili Wamarekani walitazame jioni yao, kwa hiyo huenda ni kweli. Huenda pia alisimuliwa. Vyovyote iwavyo, tangu 2019 uwanja wa ndege wa Louisville una jina la Ali, na kwa mjomba huo ni ushahidi kwamba binti yake alitua kwa watu wanaotujua.

Binti mwenyewe anaujua uwanja huo kwa upande mwingine. Hapo ndipo kampuni ya UPS ina kituo chake kikubwa, kinachoweza kupanga vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa, na kazi kubwa hufanyika usiku. Alimtumia baba yake sauti ya WhatsApp, mjomba akatuchezea mara mbili. Nyuma ya maneno ya binti palisikika mkanda wa mashine ukivuma. "Papa, huku sisi tunalala mchana kama popo." Halafu akauliza kama mvua imeanza, na kama ukuta wa nyuma bado umesimama. Baridi hakuitaja, wala mshahara. Mjomba akaiweka simu mfukoni kwa uangalifu, kama anayerudisha yai kiotani.

Jirani yake Louisville ni Lexington, mji wa mashamba ya farasi, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Katika shule za serikali za huko Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazoongoza majumbani mwa wanafunzi baada ya Kiingereza na Kihispania. Jambo hilo lilininyamazisha kidogo, maana hapa Bukavu bado tuna wazazi wanaomkemea mtoto asiseme Kiswahili mbele ya wageni, aseme Kifaransa.

Portland ya Maine ni habari nyingine. Juni 2019 mamia ya watu, wengi wao Wakongomani na Waangola, walifika huko kwa mabasi kutoka mpaka wa Texas, na mji ukawalaza kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Wenyeji walileta mablanketi na chakula. Jirani bado anausifu ukarimu huo, na ana haki. Lakini sheria haimruhusu mwomba hifadhi hata kuomba kibali cha kazi kabla siku 150 hazijapita tangu apeleke maombi yake, na nyumba za Portland ni ghali. Bahari iko mlangoni, ila ni ya kutazama tu. Maji yake hayaogeki.

Na Grand Rapids? Kuna Wakongomani wengi, makanisa, kazi za viwandani. Ni huko pia ambako Patrick Lyoya, kijana wetu wa miaka 26, alipigwa risasi na polisi tarehe 4 Aprili 2022 baada ya gari lake kusimamishwa. Familia yake ilikuwa imeingia Marekani mwaka 2014 kama wakimbizi. Mji huo ulipotajwa uani, hakuna aliyeutetea wala kuushambulia. Tuliuruka.

Mkongomani mmoja aliyeijua miji ya Marekani kwa kuishi ndani yake ni Dikembe Mutombo. Mpira wa kikapu ulimzungusha Denver, Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York na Houston. Alikuwa na pesa ya kuishi popote, akafanya makao Atlanta, na ndiko alikofariki tarehe 30 Septemba 2024. Mimi nisingeipuuza kura ya mtu wa namna hiyo. Denver nayo nimeiwekea alama kwa sababu yangu ndogo: iko mita 1,609 juu ya bahari, na sisi tuko karibu mita 1,500. Wageni hulalamika kwamba Denver inawakata pumzi. Mtu aliyepanda ngazi za Kadutu na bidoni ya maji kichwani hatalalamika.

Kura yangu ya kwanza hata hivyo naipa Chicago, na ni kwa sababu ya ziwa. Mkazi wa kwanza wa kudumu wa hapo asiye Mhindi Mwekundu alikuwa mtu mweusi aitwaye Jean Baptiste Point du Sable, jina ambalo Bukavu lingepita bila swali kama la mwalimu wa shule ya mapadri. Tangu mwaka 1836 ramani ya mji iliandikwa kwamba ukanda wa kando ya ziwa ubaki mali ya umma, bila jengo. Matajiri walijaribu kuumega, mahakama zikazuia. Leo kuna njia ya kilomita 29 ya kutembea na kuendesha baiskeli ukingoni mwa ziwa Michigan, na maskini anakaa kwenye nyasi zilezile na tajiri.

Sasa tazama kwetu. Bukavu ina rasi tano zilizoingia ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na kila kidole kimevishwa kuta na mageti. Mtoto wa Kadutu huliona ziwa kila asubuhi toka mlimani, akamaliza mwaka hajatia mguu majini. Chicago ina baridi iliyofika nyuzi 30 chini ya sifuri mwezi Januari 2019. Hata hivyo, wamelinda ufuo wao.

Lakini mlango wenyewe wa kuingia Marekani umefungwa siku hizi. Januari 2025 serikali ya Donald Trump ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Mwezi uliofuata Kavumu, penye uwanja wetu wa ndege, ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na siku mbili baadaye mji wetu. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 Washington iliweka kikomo cha wakimbizi 7,500, nafasi nyingi zikiwa za Makaburu wa Afrika Kusini. Mjomba alisikia habari hiyo redioni, akauliza ni vita gani wanavyokimbia. Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo kura yangu ni hii: Chicago kwa kutembea, Louisville kwa kuishi, na Atlanta kwa atakayejaliwa pesa za Mutombo. Kijana wa bidoni bado anasema New York.